Utomvu wa Saa Sita

Argiro aliamka usingizi wa mchana akakuta upande wa mumewe kitandani hauna mtu. Hakuhitaji kuuliza. Reki ya kamba za ngozi, ya kuchapia vichaka ili utomvu ugande kwenye kamba, haikuwepo ukutani, na jua la Julai lilikuwa utosini, saa ambayo vichaka vya aladano hutoa utomvu wao wenye harufu nzuri na mtu mwenye akili zake hujifungia ndani. Daktari alikwishasema wazi kwamba moyo wa mzee Manusos hauliwezi tena jua hilo.

Mzee alirudi akipiga mluzi, mikono ameisugua kwa mafuta ya zeituni kuondoa unato, mpaka inang'aa.

"Nilikuwa kwa kinyozi," alisema.

"Kinyozi gani huyo, amekuacha masharubu yananukia kilima kizima?" Harufu hiyo Argiro aliipenda tangu usichana wake, na hilo ndilo lililomzidishia hasira. "Unataka kuniacha mjane, we mzee?"

"Sasa nifanyeje? Jua likipoa hupati kitu."

"Basi kesho nakwenda mimi."

Na kweli akaenda. Manusos aliketishwa chini ya mzeituni na chupa ya maji, marufuku kuinuka. Argiro akaanza kuvichapa vichaka, kamba zikipita juu ya majani na kurudi zimegandwa na utomvu mweusi, nyingine zikimrukia kichwani.

"Unachapa au unabembeleza?" mzee alipiga kelele. "Majani matupu hayo! Leo tutakula saladi!"

"Funga mdomo, bwana mkubwa!"

Akaufunga. Argiro alichapa kichaka kimoja, cha pili, akingoja kejeli nyingine. Kimya. Alipogeuka, kichwa cha mumewe kilikuwa kimeangukia begani na chupa imemwagika.

Alitupa reki akakimbia, akapiga magoti, akabandika sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unadunda, polepole, bila wasiwasi wowote. Jitu lilikuwa limelala! Argiro akalia palepale, kwa furaha na kwa ghadhabu.

Alipotaka kuinua kichwa, kikakataa. Nywele zake, zilizojaa utomvu, zilikuwa zimenata kwenye kifua cha mzee.

"Aaa! We mwanamke, unaninyonyoa!" Manusos alizinduka. "Tulia, usijivute! Sasa tutatokaje hapa?"

Argiro akarudisha sikio lake pale lilipokuwa, akasikiliza.

"Hutoki," alisema. "Huendi popote."