Kioo Kwenye Begi la Otuoma

Mtu mzima kubeba begi mgongoni, akatembea kutwa, akarudi jioni hana kitu ila vumbi: hebu niambie, hiyo utaiita kazi gani? Kijiji kizima cha Usagara kiliuliza swali hilo, na wa kuulizwa alikuwa Ng'washi, kwa sababu mwenye begi alikuwa mumewe.

Otuoma alikuwa karani wa pamba miaka kumi na minane. Biashara ya pamba ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakajaa kama nzige, ofisi yake ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli pale njia panda. Jumatatu mpaka Ijumaa alishinda na spana zake, mtu wa kawaida kabisa. Ikifika Jumamosi, bwana wee! Anavaa buti, anabeba begi alilolichagua mwenyewe kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja mjini, anaondoka na rafiki yake Antoni, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa skauti. Wanapanda milima ya mawe. Wanazunguka ufukweni wakihesabu ndege. Hawawindi, hawavui, hawaokoti hata ukuni.

"Tunatembea tu, Mama Favour," alimwambia mkewe. "Mwili ukikaa, kichwa kinawaza."

Wanatembea tu! Wanawake bombani walicheka mpaka ndoo zikamwagika. "Anatembea, ee? Na sisi tunawajua wanaume wanaotembea."

Ng'washi hakucheka. Alikuwa na sababu yake, na sababu yenyewe ilizikwa Magu miaka miwili nyuma. Dada yake Hellen aliona mambo ya mumewe na wanawake wa nje, akamwuliza. Mume akalia machozi, akaapa kwa Biblia. Hellen akaamini, akakaa. Ugonjwa ulipomaliza kumkausha, Ng'washi ndiye aliyembeba kumtoa kitandani kwenda nje kuota jua, mtu mzima mwepesi kama mtoto wa miaka sita. Siku ya maziko Ng'washi alijiapiza moyoni: mimi sitauliza. Nikiona, naondoka. Mtoto wangu mmoja yuko shule ya bweni, hatalelewa na makaburi.

Basi. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mwaka wa tisini na sita, Otuoma alikuwa bafuni anajimwagia maji alfajiri, na begi limefungwa tayari, limetundikwa kwenye msumari. Ng'washi akalishusha. Hajawahi kulifungua hata siku moja. Siku hiyo mkono ulimwasha, akalifungua.

Juu kulikuwa na viazi vya kuchemsha alivyomfungia mwenyewe. Chini ya viazi, kamba. Chini ya kamba, soksi ndefu za kike. Zile nyembamba za rangi ya ngozi, zinazopanda mpaka mapajani, wanazovaa masekretari wa mjini! Ng'washi akazishika kwa ncha za vidole. Akaendelea. Mipira. Ndiyo, ile ile, pakiti mbili, za kinga. Akakaa kitandani. Na chini kabisa, kimeviringishwa kwenye kitambaa safi, kioo.

Kioo cha duara, kipya, mgongo mwekundu, cha kuenea kiganjani.

Soksi zingeweza kuwa na maneno yake. Hata mipira, mtu angetafuta la kusema. Lakini kioo! Kwao Magu, enzi za usichana wake, kijana akimtaka binti hakumwandikia barua wala hakumtuma mshenga kwanza. Alimpa kioo. Binti akikirudisha, nenda zako. Akikiweka, wazee waanze kuzungumza ng'ombe. Otuoma, Mjaluo wa pwani ya ziwa kule Mara, alikuwa mgeni Magu wakati huo, karani kijana pale mzanini pa kupimia pamba. Vijana wa Kisukuma wakamfundisha. Akaja na kioo cha duara chenye mgongo mwekundu, akampa Ng'washi mbele ya magunia. Kioo hicho kilikuwa bado ukutani juu ya kitanda, kina ufa. Na sasa hiki hapa, pacha wake, kinakwenda kwa nani?

Akasikia kata ya maji inawekwa chini bafuni. Akarudisha kila kitu jinsi kilivyokuwa, soksi, mipira, kamba, viazi. Kioo hakukirudisha. Alikizamisha kwenye debe la mchele, akaketi jikoni anachochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka. Hesabu yake ilikuwa fupi: akirudi akiuliza kioo kiko wapi, nimemkamata. Asipouliza, ndiyo kabisa, anaogopa.

"Leo tunakwenda majini," Otuoma alisema akifunga buti. "Tumeazima mtumbwi kule kivukoni Kigongo, tunafika kile kisiwa cha mawe nyuma ya rasi. Nitarudi jioni."

"Nenda salama," alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa utulivu.

Jioni Otuoma hakurudi.

Jumapili Ng'washi alikwenda kanisani, akarudi, akapika, akala peke yake. Kila hatua ya mpita njia ilimfanya ainue kichwa. Zamani angehofia maji. Lakini wivu hauna nafasi ya kuweka hofu nyingine. Aliona nyumba, aliona mwanamke amevaa soksi za rangi ya ngozi, aliona mumewe ameketi kwenye kiti cha watu anapigiwa magoti. Ndege gani wanaohesabiwa siku mbili? Hata aibu hana! Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu aliyashika kwa mkono wake.

Jumatatu asubuhi alifunga mzigo. Nguo zake zote, sufuria mbili za mama yake, vyeti vya Favour. Kioo akakitoa kwenye mchele, akakifuta, akakitia kwenye pochi ya kifuani. Hicho kilikuwa ushahidi wa kuwaonyesha kaka zake. Msukuma haachi ndoa kwa maneno matupu. Akajitwika mzigo mpaka njia panda kungoja gari la kwenda mjini, aunganishe la Magu.

Ndipo akamwona Roza, mke wa Antoni, anakuja mbio, kitenge kinamfunguka, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna.

"Mama Favour! Wako amerudi?"

"Hajarudi."

"Na wangu pia! Watoto wa shule wamekuja kumuulizia mwalimu wao. Antoni hajawahi kukosa kipindi, hata akiwa na homa!"

Ng'washi akamtazama kwa huruma. Maskini, mwenzangu bado kalala usingizi. "Roza," akasema taratibu, "uliwahi kuliangalia begi la mumeo?"

"Si ndiyo mimi ninayelifunga!"

"Hujaona soksi za kike?"

"Mimi nilizinunua mnadani!" Roza alisema, anahema. "Wanavaa chini ya soksi nene, miguu isitoke malengelenge. Sasa soksi zinahusu nini?"

Ng'washi akamsogelea. "Na mipira?"

"Ya kutilia viberiti visilowe. Antoni kafundishwa skauti. Nilimtukana wiki nzima, hata mimi! Mama Favour, we vipi? Ninachoshangaa ni boti. Mchana kutwa maboti ya barafu yanapita kule kuchukua sangara wa viwanda vya minofu. Kioo anacho Otuoma. Si wangemulika tu, boti likawafuata?"

"Kumulika?"

"Ee. Kumbe hujui, wewe mtu wa pamba." Roza alikuwa anafunga kitenge upya, hamtazami. "Wavuvi wakiwa na samaki wanalimulikia boti kwa kioo, mara tatu, nalo linakuja. Kioo ni samaki. Lakini ukipunga shati, ukiwasha moto, wanajua ni majambazi wanaoiba injini na nyavu, wanakimbia. Ndiyo maana Otuoma alinunua kioo wiki iliyopita. Alisema yeye mtoto wa ziwa, hawezi kwenda kisiwani bila kioo."

Ng'washi aliweka mkono kifuani. Kilikuwepo, kigumu, cha duara.

"Twende Kigongo," akasema.

Walidandia lori la saruji lililokuwa linawahi kivuko. Njia nzima Roza aliomba Mungu kwa sauti, na Ng'washi alikumbatia mzigo wake. Siku mbili! Mawe yanawaka jua, usiku upepo. Na mimi nimekaa nakula wali uliotoka kwenye debe lile lile. Mungu wangu, nimeua mtu kwa sababu ya wivu.

Kigongo watu walikuwa wamejaa kivukoni wanangoja kwenda Busisi, ng'ambo. Wenye mitumbwi walipoambiwa habari ya kisiwa nyuma ya rasi walitikisa vichwa. "Jana kulionekana moshi kule. Wale ni majambazi, mama. Hatuendi kufa." Mbali majini, boti jeupe la barafu lilikuwa linapita.

Ng'washi akautua mzigo, akapanda juu ya jiwe mbele ya watu wote, akachomoa kioo kifuani. Mwanga ukaangukia migongo ya watu, ukaangukia maji. Akakishika kwa mikono miwili. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Boti likageuza pua.

Nyuma yake Roza alisema, "Umekipata wapi?" Ng'washi alikuwa ameshateremka kuelekea majini.

Nahodha wa boti, mtu mfupi aitwaye Chenge, alifika na mizani tayari mkononi. "Samaki wako wapi?"

"Hakuna samaki, baba. Kuna waume zetu, wamekwama kile kisiwa nyuma ya rasi."

Chenge alifoka kuhusu barafu inayoyeyuka na majambazi wa visiwani, akawataja mama zao na shangazi zao. Ng'washi akapiga magoti kwenye tope. Akamwambia, kama ni majambazi unitose mimi. Chenge akasonya, akasema haya pandeni, akaamuru injini iwashwe.

Waliwakuta chini ya jiwe lenye kivuli kidogo. Upepo wa Jumamosi uliuchukua mtumbwi. Antoni aliporuka kuukamata, mguu ukaingia katikati ya mawe ukavunjika chini ya goti. Otuoma alikuwa ameunyoosha kwa vijiti viwili na kuufunga kwa zile soksi za kike. Viberiti vyao vilikuwa vikavu, na moto waliuwasha, na kila moshi ulipopanda mitumbwi ilikimbia. Midomo yao ilikuwa imepasuka kwa jua. Mguu wa Antoni ulikuwa umevimba na kubadilika rangi, naye aliongea na wanafunzi wasiokuwepo.

Roza alimkumbatia mumewe mpaka Kigongo. Waliposhuka, na pikapu ya kumpeleka hospitali inageuzwa, ndipo hasira ilipompanda. Alimgeukia Otuoma mbele ya kivuko chote.

"Ulisema huwezi kwenda bila kioo! Kiko wapi kioo chako? Mtu mzima, mtoto wa ziwa, unasahau kioo nyumbani! Mume wangu akikatwa mguu utaniambia nini?"

Otuoma alimtazama mkewe. Aliona kioo mkononi mwake.

"Nilisahau, shemeji," akasema. "Nisamehe. Kosa ni langu."

Kisha, kwa mazoea tu ya mume, akainama kumchukulia mkewe mzigo. Akauinua nusu, akasimama hivyo hivyo. Mwaka wa kumi na tano anambebea mizigo ya kwenda Magu. Aliujua uzito wa siku mbili na uzito wa wiki; huu ulikuwa wa kuhama. Sufuria ziligongana ndani. Akautazama ule mzigo, akamtazama Ng'washi, na uso wake ulianguka kuliko ulivyokuwa kisiwani.

Ng'washi hakuweza. Afadhali watu wampige mawe kuliko kuutazama uso ule.

"Hakusahau!" alisema, na sauti ikafika mpaka kwenye kivuko. "Roza, hakusahau. Alikifunga vizuri kwenye kitambaa. Mimi nilikitoa. Nilidhani anampelekea mwanamke. Nikakificha kwenye mchele, nikangoja nimkamate."

Roza akapanda kwenye pikapu, akakiweka kichwa cha Antoni mapajani, akampa Ng'washi mgongo. Pikapu ikaondoka. Mguu haukukatwa, niseme mapema, lakini Antoni hakupanda mlima tena, na Roza mpaka leo akikutana na Ng'washi bombani husema "habari" tu, anajaza ndoo yake, anaondoka.

Otuoma alijitwika mzigo, akatangulia. Hawakupata gari mpaka jua linapinda, na ndani ya gari aliupakata mzigo, macho mbele. Ng'washi aliomba radhi mara tatu. Alimweleza Hellen alivyokuwa mwepesi. Alimweleza soksi, alimweleza mipira, alimweleza kile kioo cha mzanini. Alilia bila kujificha, abiria wakageuza nyuso dirishani.

Walipofika nyumbani Otuoma alifungua kufuli, akautua mzigo nje, hatua moja kutoka kizingitini.

"Mimi nakuingizia maji na kuni," alisema, sauti imekauka. "Huu siuingizi. Uliufunga bila kuniuliza. Ukitaka uingie, uingize mwenyewe. Ukitaka Magu, nitakusindikiza kesho."

Akaingia ndani. Ng'washi alisikia kitanda kikilia, buti moja ikianguka, kisha ya pili. Alikaa kidogo kwenye kizingiti. Kisha akaushika mzigo kwa mikono miwili, na kwa sababu ulikuwa mzito, akauburuta ndani.