Aliyezikwa kwa Mdomo

"Mama Luhende, yule wa mbawa tuliyemlilia Jumapili iliyopita, mbona leo yuko kwenye bango?"

Adelina alimuuliza jirani yake Levina hivyo walipotoka misani pale Kwihara, wala hakuwa anatania. Bango la banda la video lilimwonyesha shujaa yule mzima wa afya, kasimama na mashujaa wa filamu nyingine nne.

Levina alijua wa kuulizwa ni nani. Mwanawe Luhende ndiye aliyetafsiri filamu za kigeni kwa kipaza sauti katika banda lile, na watu waliiamini sauti yake kuliko picha. Filamu ya wiki iliyopita ilimwonyesha shujaa akiporomoka korongoni, basi. Mazishi aliyaongeza Luhende mwenyewe kwa maneno: akachimba kaburi, akaweka matanga, akawanyoa wafiwa, akagawa mirathi. Adelina, ambaye mumewe Xavery alikuwa na miezi mitatu tu kaburini, alilia mpaka wanawake wakamshika.

Mchana, wakila ugali, Luhende alimweleza mama yake alivyopanga kujinasua. Angesema Mungu kamfufua shujaa kwa maombi ya mama mzazi. Nani angebisha?

"Usimtwike Mungu kosa lako," Levina alisema. "Adelina atakuwepo. Naye alimwombea Xavery."

Luhende akanawa mikono.

Saa tisa banda lilijaa. Shujaa alipotua katikati ya wenzake, Luhende akasimamisha picha. Akakiri kwamba kaburi lile alilichimba yeye kwa mdomo wake. Wenye filamu hawakuzika mtu. Ila nao, akasema, hawaelezi amepona vipi.

Masolwa, fundi baiskeli, akapaza sauti kutoka nyuma. "Ulishatunyoa, bwana. Turudishie nywele zetu."

Watu wakaangua kicheko. Levina akamtazama Adelina, ambaye hakuwa akicheka.

"Sasa kimemrudisha nini?" Adelina aliuliza.

Luhende alishusha kipaza sauti. Levina akaanza Salamu Maria moyoni, akiogopa lile jibu la mchana.

"Wenzake walimhitaji, mama mdogo," alisema Luhende. "Vita iliwazidi nguvu, wakamleta."

"Kwa kumhitaji tu?"

"Kwa kumhitaji tu."

Adelina akainuka, akakaza kanga kiunoni.

"Hata mimi wangu namhitaji," alisema taratibu. Akapita kati ya mabenchi, watu wakivuta miguu kumpisha, akatoka bila kuongeza neno.