Kumtafuta Aliyenisingizia

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anaumwa ule ugonjwa wa kusahau. Alianza na vitu vidogo: sufuria jikoni, viatu, jina la jirani. Wanawe wakaniletea mimi nimtunze, kwa kuwa wao wana kazi na mimi nina Mungu. Wakija kumwona wanamfanyia mtihani. "Mama, mimi nani?" Akishindwa wananitazama mimi, kana kwamba ndimi mwalimu niliyemfundisha vibaya.

Daktari alitutuliza kwamba mambo ya zamani yangekawia kupotea. Nilifurahi kuliko wote, maana nami nilikuwa na langu la zamani. Siku ya mazishi ya mume wangu, wifi alisimama mbele ya mtaa mzima akasema nilimwacha kaka yake afe kwa uvivu wa kuuguza. Tangu hapo nasubiri afute kauli. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemkata kucha, na kila nikisali namkumbusha Mungu kwamba bado nasubiri, asije akadhani nimesamehe.

Basi hata ya zamani yakaanza kuondoka. Kwanza shule, kisha harusi yake, kisha mumewe, ambaye kwa kweli hata mimi ningemsahau. Nikaona nikizubaa nitabaki na kesi isiyo na mshitaki. Nikaitungua picha ya mume wangu ukutani na, mimi ninayewacheka wanawe, nikamfanyia mtihani.

"Wifi, huyu nani?"

"Kijana mzuri. Mwanao?"

"Mume wangu. Alifariki."

"Pole, mwanangu. Aliumwa sana?"

"Sana. Nilimuuguza mwenyewe."

Akanishika mkono, akaugeuzageuza kama anayechagua nyanya sokoni. "Inaonekana. Mkono huu hauachi mgonjwa."

Mcha Mungu wa kweli angeridhika hapo, akasema amina. Mimi nikaongeza: "Kuna mwanamke alisema mazishini kwamba nilimwacha afe."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Hana adabu huyo. Anakaa wapi?"

"Hapa hapa mtaani."

"Nipe viatu."

Ningeweza kumwambia amehama. Nikamvalisha viatu, tena nikavifunga vizuri. Tukatoka, yeye mbele, mtandio umemwenda upande. Alipomwona fundi viatu kibarazani, ambaye mazishini alikuwepo na masikio yake yote mawili, akasimama na kupaza sauti ileile ya siku ile.

"Fundi, namtafuta mjinga mmoja aliyemsingizia huyu mwanamke. Huyu kamuuguza mumewe mpaka mwisho. Umemwona?"

Fundi akaacha sindano katikati ya soli. Akanitazama mimi, akamtazama wifi. Mimi nikapata kazi ya kukagua kucha zangu.

"Sijamwona, mama," akasema taratibu. "Lakini jaribuni kwa muuza mkaa. Siku ile alisimama karibu zaidi yangu."

"Umesikia?" wifi akaniambia. "Twende, kabla hajafunga."

Nikamtengeneza mtandio, nikamshika mkono, tukaenda kwa muuza mkaa.