Shukrani Zilizotangulia Kazi

Itangazwe kote, kuanzia Kisian hadi Kondele, kwamba nyumba ya Mama Akello ya Nyalenda imepata wakili. Wenye kesi wapange foleni. Wenye hatia watoroke mapema.

Kusema kweli, wakili mwenyewe alikuwa bado mwaka wa tatu chuoni, na Jumamosi hiyo alikuwa ameketi nyuma ya nyumba akichambua omena, vile visamaki vya ziwani. Jina lake Debra. Alitafuta kazi ya likizo ndefu, na moyo wake ulivutwa huku na huku. Kwa Wakili Ogola, mjini, kulikuwa na lifti na zulia. Nafasi ya huko ndiyo Mama aliyomwombea kila alfajiri, ila ofisi hiyo haikuwa imemjibu. Kule Kondele kulikuwa na chumba kimoja, ambamo Wakili Metrine aliwatetea wachuuzi wanaofukuzwa kando ya barabara. Metrine alishamkubali. Alichotaka ni jibu kufikia Jumatatu.

Debra hakuwa akila. Simu alilala nayo, akaenda nayo hadi msalani. Mdogo wake Mark, kijana mtanashati wa kidato cha tatu, mwenye adabu za kupigiwa mfano, alikuwa amefunga shule. Alimwonea dada yake huruma sana.

Simu ikalia.

"Bi Debra Akello?" Sauti ilikuwa nzito, ya puani. "Ofisi ya Wakili Ogola. Umekubaliwa. Ripoti Jumatatu asubuhi."

Nyuma ya sauti hiyo kitu kilinguruma, kikakohoa, kikanguruma tena. Debra alipiga ukelele, omena zikamwagika. Usiku huo alikula sahani mbili za ugali. Hakujiuliza ni ofisi gani hupiga simu Jumamosi jioni.

Jumapili, Mama alisimama kanisani kabla kwaya haijaketi.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Msichana wangu anaingia kwa Ogola!"

Akina mama wenye vitambaa vyeupe wakamzunguka Debra, wakamwekea mikono kichwani, wakapiga vigelegele. Kwenye benchi la nyuma, Mark aliinama kwa maombi marefu kuliko desturi yake.

Jumatatu Debra alimpigia Metrine, akamshukuru, akakataa. Kisha akapanda lifti.

"Dada, hapa hakuna aliyekupigia," mwanamke wa mapokezi alimwambia. "Nafasi zilijaa zamani."

Alishuka kwa ngazi. Alipofika Kondele, Metrine alikuwa akimwonyesha Shantel, mwanafunzi mwenzake, kiti kilichokuwa kiwe chake.

"Pole, dada. Ulisema hapana, na wachuuzi wana kesi wiki hii. Ningengoja nini?"

Debra alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu vya ofisi. Ng'ambo ya ua, mashine ya jirani Shitanda ya kusaga mahindi ilinguruma, ikakohoa, ikanguruma tena. Akainua kichwa polepole.

"Mark."

"Naam, mheshimiwa."

"Ile simu ya Jumamosi ilitoka wapi?"

"Mimi nitajuaje? Labda Ogola ana mashine ya kusaga ofisini."

"Nani ametaja mashine?"

Hapa msimulizi angependa kusema kwamba Mark aliruka ua akapotea. Hakuruka. Mark ni mimi, nami nikakiri. Jumamosi ile nilijificha nyuma ya mashine ya Shitanda na simu ya rafiki yangu Wechuli, leso mdomoni, nikatoa sauti ya naibu wa mwalimu mkuu wetu. Nilitaka Debra ale, acheke hata jioni moja. Ningemwambia baada ya ibada. Mama akasimama kwanza, nami nikanyamaza. Na ule utanashati niliuongeza.

Afadhali angenipiga kofi. Alinitazama tu, macho yamejaa maji.

"Mimi sitamwambia Mama," alisema. "Utamwambia wewe."

Nyimbo zilikuwa zikikaribia langoni. Mama alitangulia, na nyuma yake akina mama wa kanisa, mmoja amekumbatia jogoo wa kumpongeza wakili.

"Mama," nikaanza, mbele yao wote, "ile simu nilipiga mimi."