Sehemu Mbili Zilizongojeana

Asubuhi ile mtambo wa kompyuta wa hospitali moja ya Kochi, India, ulizimwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane, ili uhamishiwe chumba kipya. Ulipowashwa, programu ya wagonjwa wa kusafishwa figo ilikataa kuamka.

Kufikia saa nne Sreekala, fundi wake, alikuwa ameujua ugonjwa wa programu hiyo. Sehemu ya wagonjwa ilingoja sehemu ya ratiba ianze, na ya ratiba nayo ilingoja ya wagonjwa. Miaka yote hiyo hazikuwahi kulala kwa pamoja.

“Si uzitenganishe tu,” akasema Kuriakose, mkuu wake.

“Nikigusa huku, kule kunaharibika, bosi. Zimeota mizizi pamoja. Ni kazi ya wiki nzima.”

“Nani kaandika upuuzi huu?”

Sreekala alifungua kumbukumbu za programu. Ulikuwa mstari mmoja tu, ulioandikwa harakaharaka mkesha wa sikukuu ya Onam na mtu aliyetaka kuwahi basi la kwao. Jina lililokuwa kando ya mstari huo lilikuwa lake mwenyewe.

“Mimi,” akasema. Kuriakose akageukia dirishani.

Sreekala aliteremka wodini kuwasaidia wauguzi. Mzee mmoja mwenye miguu iliyovimba akamshika mkono.

“Binti, leo si zamu yangu? Nimetoka Alappuzha alfajiri.”

“Sijui, baba.”

“Basi nani anajua?”

Sreekala aliketi kando yake kwenye benchi, na mchana wauguzi wakaanza kuwarudisha watu makwao bila kusafishwa.