Hatua Saba Ukingoni

"Inua mkono, mwanangu. Na huo mwingine. Usipumue kwanza."

Mama Sindano, mshonaji wa mavazi, alikuwa na pini tatu mdomoni na ya nne mkononi. Alikuwa akibana kiuno cha gauni juu ya mkanda wa usalama ili kamera isiuone. Unyoya alisimama katikati ya chumba kitupu cha ghorofa ya nne, macho ameyafumba, akihesabu moja hadi nane, kisha moja hadi nane tena. Ndivyo alivyozoea kuvishwa tangu utotoni, nyuma ya pazia: wengine wanafunga, yeye anatafuta pumzi. Hakuwahi hata siku moja kuangalia wamefunga nini.

Nje ya dirisha kulikuwa na ukingo wa saruji, upana wake hauzidi urefu wa kiatu. Katika filamu, mke anamtoroka mumewe kwa kupita hapo, hatua saba kutoka dirisha hili hadi la pili. Chini kulikuwa na ua, magodoro mawili, na mwongozaji na watu wake waliokuwa wadogo kama punje za mchele.

Hakuna aliyejua kwamba Unyoya anaogopa urefu. Hofu hiyo alikuwa ameificha kama mtu anavyoficha jino bovu. Alianza densi ya baleti akiwa na miaka minane, akaicheza miaka ishirini na mitano, hadi goti lilipomwambia basi. Miaka miwili alikaa nyumbani, simu kimya. Ikaja nafasi ndogo ya muuguzi katika filamu moja, halafu ya jirani katika nyingine, na sasa hii: mhusika mkuu. Akiipoteza, nani atampigia tena?

"Tayari," alisema Mama Sindano na kutema pini kiganjani. "Nenda. Umependeza mpaka naona wivu."

Fundo, mtu wa kamba, aliizungusha kamba kwenye nguzo ya chumba na kuivuta kidogo. Ikakaza.

"Usihofu, dada. Unyoya ni jina tu, mimi nimekupima, kilo hamsini na saba. Kamba hii inabeba ng'ombe."

"Kuna ng'ombe ameshapita hapa?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

Fundo akacheka, Unyoya naye akacheka, kisha akatoka dirishani.

Hatua ya kwanza. Ya pili. Saruji ilikuwa ya moto mgongoni. Kwenye majaribio ya asubuhi, ilipofika hatua ya tatu, mkanda ulimvuta nyonga kwa nguvu, na ule mvuto ulimtuliza. Sasa nyonga hazikuvutwa. Kilichovutwa ni kitambaa. Akasikia uzi ukikatika: tik.

Akapeleka mkono nyuma taratibu, kama sehemu ya igizo. Kulabu ya kamba haikuwa kwenye pete ya chuma ya mkanda. Ilikuwa imeng'ata gauni.

Lakini kamera ilikuwa inakwenda, na mwili wake ulijua sheria moja tu, ile ya mwalimu wake wa kwanza wa baleti, aliyewachapa wanafunzi miguu kwa fimbo nyembamba: ukikosea, endelea, watu hawajui hatua, wanajua uso. Hatua ya nne. Ya tano. Zimebaki mbili, akajiambia, mbili tu.

"Simama hapo hapo!" Kipaza sauti cha mwongozaji kilinguruma toka chini. "Usoni hamna kitu, dada! Umetulia kama unakwenda kuchota maji! Mumeo anataka kukuua, ogopa basi! Rudi hatua mbili, tuanze tena."

Kurudi. Kinyumenyume.

Tik.

Miaka ishirini na mitano hakuwahi kutamka neno jukwaani. Na maneno ya filamu hii aliyakariri yote, ila hili halikuandikwa.

"Kamba," alinong'ona. "Kamba haijafungwa."

Chini, fundi wa sauti aliyeketi na vipokea sauti masikioni aliinuka ghafla, kiti kikaanguka. Kinasa sauti kilichofichwa kwenye ukosi wa gauni kilikuwa kimempelekea kila pumzi.

"Bosi, anasema hajafungwa!"

Kelele hizo zilimfikia Fundo kule juu. Alikimbilia dirisha la pili, akajitoa nusu mwili, akamshika kifundo cha mkono.

"Usiangalie chini. Niangalie mimi, najua sura yenyewe ni hii hii."

"Miguu haitaki."

"Basi usiiombe. Buruta."

Akaburuta. Alipoingia ndani alikaa sakafuni, akajisogeza mbali na dirisha.

"Ni mimi," Mama Sindano alilia. "Niliichomoa kulabu nikunje kiuno, nikairudisha bila kuangalia. Ni mimi, mwanangu."

"Ni mimi," alisema Fundo. "Niliona imekaza, nikaridhika."

Mwongozaji alifika akihema kwa kupanda ngazi za ghorofa nne. Alichuchumaa.

"Unaogopa urefu?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenipa kazi?"

"Nisingekupa." Akajifuta jasho. "Sasa nusu ya filamu ina uso wako. Nikutoe, nimweke nani, Fundo?"

"Gauni halinitoshi, bosi," alisema Fundo.

"Seremala atatujengea ukingo mwingine chini kwa hatua za mwisho. Tatu za mwanzo lazima ziwe hapa. Utaweza?"

Unyoya alitazama dirisha. Alitaka kusema ndiyo, uso ulikuwa tayari umejipanga kuisema.

"Sijui," alijibu. "Ila kulabu naifunga mwenyewe."

Kazi ya siku ikasimamishwa. Alasiri ile Fundo alimsimamisha juu ya meza, akamfundisha: ingiza kulabu kwenye pete, sikia mlio, zungusha kufuli, vuta mara mbili. Kwa mkono wa kulia aliweza baada ya majaribio kumi. Kwa wa kushoto, nyuma ya mgongo, vidole vilikuwa baridi na kulabu iliteleza kila mara. Chini, wenzao walikuwa wanakunja nyaya.

"Tena," alisema Unyoya.

"Mwanga umekwisha, dada. Iache kulabu hapo mezani. Huu mkono wa kushoto tutauanza kesho asubuhi."