Tumbo la Mfano

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye jeli ya kipimo iliyolazwa juu ya taa ya zambarau, ulionekana mstari katika nafasi ya kumi na mbili. Haukupaswa kuwepo. Nafasi hiyo ilikuwa ya sampuli safi, ile inayothibitisha kwamba kipimo hakidanganyi.

"Umechafua," alisema mkuu wa maabara. Tunamwita Mama Spiriti, kwa jinsi anavyofuta meza kwa spiriti kila saa. "Chai hukunywa?"

"Nilikunywa, mama."

"Basi rudia. Na usibanie glavu."

Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunatafuta jeni moja ya bakteria wa tumboni. Wengi hubeba bakteria huyo maisha yote wasiugue. Mwenye jeni hiyo ni mkorofi zaidi: hudunga protini yake ndani ya seli za tumbo, na hatari ya vidonda na saratani hupanda. Hupanda tu, si lazima uugue. Wagonjwa wenye bakteria huyo nimewaambia hivyo mara nyingi.

Nilirudia kwa vichupa vipya. Saa nane mstari ulirudi pale pale.

Mama Spiriti hakutania tena. "Sampuli hii ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Miaka miwili nyuma tulikosa tumbo lenye afya la kulinganishia, nikajitolea kumeza mpira mwembamba wenye kamera, nikanyofolewa vipande vya utando wa tumbo. Kipimo cha haraka kilisema hakuna bakteria. Tangu hapo wenzangu waliniita Tumbo la Mfano.

Nilifungua faili. Fomu ina swali: unameza dawa za kupunguza asidi? Dawa hizo huweza kumficha bakteria, ndiyo maana mgonjwa huziacha wiki mbili kabla ya kupimwa. Kwangu pameachwa wazi. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa sikuwa mgonjwa. Vidonge vilikuwa kwenye droo yangu, chini ya glavu. Ni vya kiungulia, vya kupunguza asidi, na hata wakati ule nilikuwa navimeza.

Mama yangu mzazi alifariki kwa saratani ya tumbo. Naye alianza na kiungulia.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema Mama Spiriti. Nilikaa.

Niliacha vidonge. Siku kumi na nne kiungulia kilinipanda hadi kooni, na kila tumbo liliponguruma nililisikiliza kama mtu aliyesikia mwizi dirishani. Mume wangu aliniuliza nina nini. "Njaa," nilimjibu, na sahani imejaa mbele yangu.

Siku ya kumi na tano nilimeza mpira tena, safari hii fomu ikiwa imejazwa yote. Daktari alichukua vipande vitano.

Jibu lilifika Jumanne iliyofuata, saa nne. Mama Spiriti alilisoma kwa sauti, maana mimi sikuweza: bakteria yupo, jeni ipo, utando umevimba, seli za saratani hazikuonekana katika vipande vyote vitano.

"Umesikia?"

"Vitano tu, mama. Tumbo ni kubwa."

"Usinianzie. Umekula?"

Nilikula. Saa saba na robo nilimeza dozi ya kwanza ya dawa za kuua bakteria mbele yake.